Mzee Ametangulia

Kazi yangu ni kuchelewa. Jina lake kamili katika fizikia ni ucheleweshaji hasi wa kundi la mawimbi: wimbi likipita kwenye nyenzo fulani zilizoundwa na binadamu, kilele chake hutokea upande wa pili kabla kilele chenyewe hakijaingia. Ndugu zangu wa kijijini kwetu Mghange walipoelezwa, walinitazama kwa huruma. Nimesomeshwa miaka yote hiyo nikajifunze kuchelewa, jambo ambalo ukoo wetu unaliweza bila cheti.

Baba peke yake alitaka kuelewa. "Kwa hiyo jibu linakuja kabla ya swali?"

Nikamwambia hapana. Wimbi hupanda taratibu, na nyenzo ile ikiona tu mwanzo wa kupanda, inajitungia kilele na kukitoa. Hata ukilikata wimbi njiani, kilele bado kitatoka, kilele cha kitu ambacho hakikufika.

"Kumbe ni umbea," akasema.

Wakati huo moyo wake ulikuwa mgonjwa, na alitaka jambo moja tu kabla haujasimama: kuonana na mdogo wake anayelima kule Chala. Walikuwa hawasemezani tangu ng'ombe wao wa shirika apotee kwenye malisho ya Ndara, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyemuuza. Nadhani ng'ombe aliliwa na simba, lakini simba hakuitwa kwenye kikao.

Asubuhi moja ya kliniki, gari la jirani lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Baba akashuka nalo kuja kwangu Voi, dada yangu akabaki kusubiri gari jingine. Akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Mzee ametangulia. Sisi tuko nyuma."

Kwa Kiswahili chetu, anayetangulia kwenda kliniki ametangulia, na anayekufa pia ametangulia. Ukoo wangu ulichagua. Shangazi akamlaza mahali pema. Binamu ambaye hakuwahi kusalimia mtu humo akaweka picha ya mshumaa. Mwingine akaunda kundi jipya la mazishi na kujiteua mweka hazina. Nilikuwa nayasoma hayo huku machozi yananitoka, baba akabisha mlango na kuuliza kama kuna chai.

Nilimpa simu. Alisoma pole zote bila haraka, kikombe mkononi.

"Kumbe nilikuwa mtu mwema," akasema. Kisha akauliza kama mdogo wake ameandika chochote.

Hakuwa ameandika. Baba aliiweka simu mezani na mzaha ukamwisha. Hapo niliumia kuliko nilivyoumia nikidhani amekufa.

Dada alipopata mtandao njiani, alikikanusha kifo kwa herufi kubwa. Mweka hazina alionekana kusikitika. Lakini baba mdogo hakusoma, maana alikuwa ameshatoka Chala na simu yake imeisha chaji. Alifika kwangu jioni akidhani maiti iko mochari ya Voi, amevaa koti zito jeusi kwenye joto la Voi, amebeba gunia la ndizi za matanga. Akamkuta marehemu anakata kucha.

"Nimeacha shamba langu nije nikuzike," alisema kwa hasira.

"Si umefika," baba akamjibu. "Keti, ndugu yangu."

Akaketi, bado na koti lake, akalia sana. Ng'ombe hakutajwa. Tulikula zile ndizi siku kadhaa na baba alizisifu kila mlo, akisema matanga yake yameandaliwa vizuri.

Mwaka uliofuata baba alifariki kweli, huko Mghange, mdogo wake akiwa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyeuarifu ukoo, naye hakutaka kutumia neno la heshima. "Kaka yangu amekufa," aliandika. "Nimemshika mkono mpaka mwisho."

Mimi nilikuwa Voi. Niliusoma ujumbe wake, nikateleka chai, nikakaa nikisubiri baba abishe mlango.