Mama Mkwe wa Mhudumu

Niliondoka Kasenga asubuhi moja kwa sababu boti la samaki lilikuwa na nafasi. Nahodha aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwuliza yeye anakwenda wapi, nikasema na mimi ni hukohuko. Mchana tukashuka Nchelenge.

Njaa ilinipeleka kwenye mkahawa wa Mgiriki mmoja: meza nne, vitambaa vyeupe, mhudumu mmoja. Mara akaingia mama mnene, akaketi. Mhudumu alipomwona aligeukia ukuta. Mama naye akageuza kiti akatazama dirisha.

"Umelewa?" Mgiriki akamwuliza mhudumu.

"Hapana, mukubwa. Ni mama-mukwe wangu. Bado hawajanipikia."

Huko, mwanamume aliyeoa hamtazami mama mkwe wake mpaka wakwe wampikie karamu ya kumkaribisha. Mgiriki hakutaka kujua.

"Akitoka na njaa, na wewe utatoka. Kabisa!"

Mhudumu akaleta bukari, ugali wa huko, na samaki akitembea kinyumenyume, akavimwaga mapajani mwangu. Mara ya pili alijifunika kitambaa cha meza kichwani, akajigonga mlangoni.

"Mumuambie ule mutu," mama akaliambia dirisha, "kitambaa haifichi miguu. Ile miguu naijua."

Mgiriki alikuwa anatiririka jasho. "Basi ile karamu nitaipika mimi, leo, hapa hapa!"

"Mu jamaa yangu hakuna muzungu," mama akasema.

Macho ya Mgiriki yakaniangukia mimi, niliyekuwa najifuta mchuzi. "We uko na mukwe hapa?"

"Sina mukwe popote."

Akanifunga aproni. Nikapeleka sahani, na baada ya sahani nikapeleka maneno.

"Muulize ule wa ukuta, mutoto yangu anakula vizuri?"

"Anakula vizuri, anakula kwa wawili," ukuta ukajibu, ingawa mama alikuwa amesikia. Hakutikisa hata kope mpaka nilipomfikishia.

Alipoinuka, mhudumu alininong'oneza, "Amemaliza?"

"Hata mifupa ameifyonza."

Mabega yake yakashuka. Lakini mama alisimama mlangoni. "Nitakuja kukula hapa kila siku. Kwa mutoto yangu siwezi, bwana yake atakuwa mule."

"Utakaa mpaka lini, mama?" Mgiriki akauliza.

"Mpaka mujukuu atembee."

"Ana miezi mingapi?"

"Bado kuzaliwa."

Mgiriki akaketi. Kisha akanionyesha chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya samaki wakavu, akanirushia blanketi.