Mkono wa Bwana Mabega

Harufu ilikuwa ya unga wa wimbi uliopikwa. Nilikuwa mjini Kisii, katika kibanda cha kijana anayetengeneza simu na kununua vitu vya zamani kwa niaba ya watu wanaovikusanya, na hapakuwa na jiko karibu. Kijana alikuwa amelipindua boksi la mwanasesere wangu, akawa anapangusa sehemu ya chini kwa kitambaa chenye maji moto ili aone limebandikwa kwa kitu gani. Kitambaa kikalowesha ukoko wa rangi ya kahawia, harufu ikapanda, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikashika ukingo wa meza.

"Si ulisema haijawahi funguliwa?" akaniuliza. "Madam, hii ilifunguliwa ikarudishwa. Na hii si gamu. Hii ni ugali."

Mpaka hapo alikuwa akimsifu mwanasesere tu. Alikuwa amepapasa pembe zote za boksi, akamulika taa ya simu kwenye dirisha lake la plastiki, akasema kinyago hakijachubuka, joho halijapauka, na zile waya za kumfunga mgongoni bado ni za kiwandani. Kilichomuudhi ni maandishi ya kalamu juu ya kifuniko: Kwa Kemunto. "Sasa nani aliandika kwa boksi? Ameharibu bei." Kisha akalinganisha na picha kwenye simu yake. Shujaa wa aina hii huja na mikono miwili ya akiba, mmoja umekunja ngumi, mwingine umefunguka. "Ngumi iko. Ile ingine iko wapi?"

Nilijua ulipo. Nimejua tangu nikiwa na miaka tisa. Nisilolijua ni nani aliyelibandika lile boksi, maana si mimi.

Acha nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu.

Mjomba wangu aliyekuwa Marekani ndiye aliyemtuma, zawadi yangu ya kuwa wa kwanza darasani. Nadhani dukani hakutazama sana; msichana wa kijijini Nyakoe na jitu la kijani lenye kinyago cha ndege wapi na wapi. Mama alilisoma jina langu kwenye kifuniko, akalifuta boksi vumbi ambalo halikuwepo, akalipandisha kwenye kabati la vioo sebuleni. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa na kabati kama hilo. Humo mlikaa sahani zilizomngoja mchungaji, chupa ya chai iliyomngoja mchungaji, na sasa shujaa, ambaye naye sijui alimngoja nani. "Litafunguliwa mkishajua kutunza vitu," Mama alisema. Mimi na mdogo wangu Nyakundi tukawa tunamtazama kupitia vioo viwili, cha kabati na cha boksi. Hatukuweza kulisoma jina lake la Kizungu, tukamwita Bwana Mabega.

Nyakundi alikuwa na miaka sita na moyo mbovu wa kuzaliwa nao. Akipanda kilima kidogo tu, midomo inageuka rangi. Mwaka ule aliacha kabisa kwenda shule, akawa analala kwenye kochi mchana kutwa, macho kwenye kabati. Hakuomba apewe Bwana Mabega. Aliniuliza tu siku moja kama mikono yake ni migumu au laini.

Ndipo Mama alipokwenda kuchuma majani chai, nami nikapanda kiti. Kumtoa shujaa mwenyewe nisingethubutu. Mama angeona dirisha tupu. Lakini nyuma ya kadi niliona kijifuko cha ile mikono ya akiba, na kifuniko cha chini kilifunguka bila kelele. Nikachomoa mkono mmoja, ule uliofunguka, mdogo kuliko punje ya haragwe. Nikakirudisha kifuniko kwa kukisukuma tu. Nyakundi akauweka mkono ule kwenye kiganja, akaufumbata, na tangu saa hiyo sikumwona akiuachia. Alikula kwa mkono wa kushoto. Mama alipomgombeza kwa hilo alicheka, nami nikacheka naye, na hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka wote wawili.

Alikufa siku ya Sabato, sisi wengine tukiwa kanisani.

Siku ya maziko, magokoro, yaani nyanya yetu mzaa baba, aliingia kumkagua. Hiyo ilikuwa kazi yake katika ukoo na hakuna aliyembishia. Alisema maiti hazikwi na kitu cha aliye hai, kwa sababu atarudi kumwita mwenye kitu. Akageuza mifuko ya kaptula. Akauliza soksi ni za nani, akaambiwa ni za binamu, wamemwazima ili apendeze. Akazivua mwenyewe, moja baada ya nyingine, na Nyakundi akazikwa miguu mitupu. Mimi nilisimama mlangoni nikiutazama mkono wake wa kulia, uliofumbwa. Mama alikuwa ameuinamia na kuushika kwa mikono yake miwili, akilia, hata magokoro akaona haya kumwondoa. Jeneza likafungwa. Kitu chenye jina langu kikashuka ardhini kando ya migomba.

Kanisani tulifundishwa kwamba aliyekufa amelala tu, hajui lolote, hasikii lolote. Baba alikuwa mzee wa kanisa na aliyaeleza hayo vizuri sana. Mimi niliyaamini kanisani. Nikifika kwenye migomba nilimwamini magokoro, na magokoro alikuwa amewaambia wajukuu wake jambo moja zaidi: mfu huita mara moja tu. Ukisikia jina lako, nyamaza. Akiita mara ya pili ni mtu, itika.

Na ajabu ni kwamba baada ya maziko nilianza kuitwa. Nikiwa mtoni, nikiwa nyuma ya jiko, nikiwa chooni, sauti ilitoka shambani: "Kemunto!" Mara moja, kisha kimya. Ilifanana na sauti ya Mama, lakini kwa nini Mama aniite kila saa wakati hana cha kunituma? Nilikaza meno, nikashika magoti, nikaingoja ya pili. Mara nyingi ya pili haikuja. Badala yake nilisikia miguu ikikimbia, migomba ikichakarishwa, na Mama anatokea na kikapu cha chai mgongoni, majani yakimwagika. Ananitazama. Ananizaba kofi. "Ukiitwa uitike! Masikio yako ni ya nini?" Kisha ananikumbatia mpaka naumia, jambo ambalo lilinitisha kuliko kofi.

Hiyo ilidumu miaka. Nilijiambia Mama ameniona kwenye kile kiti, anajua nilichomfungia Nyakundi mkononi, na ananivizia ili nikiri. Nilipokwenda shule ya bweni nilishukuru. Bwana Mabega alibaki kabatini, dirisha lake limejaa, na kila nilipofika likizo nilikaa nikiwa nimempa mgongo.

Sasa Mama amejengewa nyumba mpya, kabati la vioo limetolewa nje, na ndiyo sababu akaniambia, "Peleka hiyo kitu yako." Nikaipeleka mjini, ikapanguswa, nikanusa wimbi.

Sikumwachia kijana yule boksi. Nilirudi Nyakoe mchana huo huo. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza kipya akipepeta wimbi, nami nikaliweka boksi kwenye ungo wake, upande wa chini ukiwa juu.

"Mama, ni wewe ulibandika hapa?"

Aliukuna ule ukoko kwa ukucha. "Kifuniko kilikuwa kinaning'inia. Ningeacha nyanyako akione aanze kuuliza? Angefukua mtoto wangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Si mimi nilimwosha?" Akalishusha boksi, akaendelea kupepeta kidogo. "Vidole vilikuwa bado vinafunguka, Kemunto. Nilivifungua. Nikaona kile kitu, nikajua ni chako. Ningekitoa. Lakini hakuwahi kupewa kitu chochote kwa hii nyumba, nilikuwa naweka tu kwa kabati." Akapangusa pua kwa leso. "Nikavifunga tena. Halafu nikaogopa. Nikaanza kukuita, nijue kama bado uko."

Nilitaka kumwambia hayo ya magokoro si kweli, nimesoma, yeye mwenyewe ni Msabato tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimerudi kule nyuma ya jiko, nimeshika magoti, na kwa mara ya kwanza niliusikia ule ukimya wangu kutoka upande wake, shambani: mama aliyemzika mmoja na kumweka wa pili rehani, anaita jina langu mara moja, anasikiliza, na hakuna anayejibu. Kila siku. Kwa miaka. Na mimi niliyekuwa hai nilikuwa pale pale, hatua hamsini, nikimngoja aite tena.

Bwana Mabega sasa yuko kwangu, ametolewa kwenye boksi, na mwanangu mdogo ameshamvunja bega moja. Mama hunipigia simu kila jioni. Hana la kusema. Anasema "Kemunto" tu, na mimi naitika hata kabla hajalimaliza jina.