Moto Te

Heri ningemkatalia komanda pale pale, mbele ya sanduku la fizibo, zile fyuzi za umeme. Badala yake nilisema, "Oui, mon commandant," kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa ananiomba jambo dogo: jioni ile, jenerali atakapoingia getini, mataa yote ya mesi mpya yawake kwa pigo moja, fanfari, bendi ya matarumbeta, ipige, na mimi niwe ndiye mwenye kuwasha. Kwa hiyo fizibo zikae kwangu, si kwa mwenzangu.

Mtu asiyefanya kazi yetu hataona ubaya hapo. Mwenzangu na mimi tulitunza umeme wa majengo ya kambi ya jeshi ya Kisangani tangu tulipokuwa vijana wenye nywele: mabweni, mesi, zahanati, pompi ya maji. Tulikuwa na sheria moja tu. Anayepanda nguzo anachomoa fizibo mwenyewe na kupanda nazo mfukoni. Akiwa juu, nazo ziko juu, na hakuna mpumbavu wa chini anayeweza kumwashia umeme. Akishuka, anazirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Maisha yake yako mfukoni mwake, yanagongana kama mayai ya kaure.

Mwenzangu alikuwa mtu wa mizaha. Kwetu nguzo ya umeme ni poto, na Ulaya nayo ni Poto, basi kila alipoanza kupanda alituaga wote: "Bon, naenda Poto. Nani anataka viatu?" Wake za askari waliokuwa wakianika nguo walimpigia kelele, "Papa, mie namba trente-huit! Za kisigino!" Akishuka walimdai viatu vyao, naye aliwaonyesha mikono mitupu: "Wamenirudisha, viza ilikuwa ya uongo."

Siku ya sherehe kambi nzima ilirukwa na akili kwa furaha. Askari walipaka chokaa kila kitu kisichotembea, pamoja na mbwa mmoja aliyekuwa amelala. Maboke ya samaki, waliofungwa majanini, yalifuka moshi tangu asubuhi. Fanfari ilijizoeza wimbo uleule hadi watoto wakaanza kuukimbia. Nami chini ya salopeti, ovaroli yangu ya kazi, nilivaa shati jeupe la misa, maana nilijua watu watanitazama.

"Ndeko, leo unipe fizibo," nikamwambia mwenzangu. Ndeko ni ndugu, ndivyo tulivyoitana.

"Nikupe? Weye ndio unapanda?"

"Komanda anataka niwashe mie, jenerali akiingia."

Akaliona shati. "Kumbe! Unaoa leo? Bibi yako anajua?"

"Utanipa ao hutanipa?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakupa. Lakini usiweke hata moja mpaka macho yako yanione chini. Macho, hapana masikio."

"Macho," nikasema. Akaniwekea fizibo mkononi, akapanda kwenda kukaza waya wa mesi.

Sanduku lilikuwa nyuma ya depo ya sare, na kutoka hapo huwezi kuiona poto. Simu zetu zilikuwa zimeachwa getini kwa amri, kwa ajili ya usalama wa jenerali. Komanda akanipa askari mmoja asimame kwenye kona ya depo, mahali pa kuona pande zote mbili, anipigie kelele mwenzangu akishuka. Alikuwa mgeni, mtoto wa Maniema aliyefika kambini wiki hiyohiyo, mwenye hamu kubwa ya kuonyesha kwamba Kilingala cha jeshi tayari anakijua.

Giza likaanza kuingia. Grupu la umeme, jenereta letu, linanguruma, jasho linanitoka, shati linanibana. Mara fanfari ikalipuka getini, trompeti zote kwa pamoja. Baadaye ndipo tulipojua kwamba walikuwa wanalipokea lori la bia. Lakini mimi, moyo wangu ulikuwa tayari umempigia jenerali saluti. Nikamwita askari kwa Kilingala, lugha ya kambi:

"Moto azali?"

Yaani, kuna mtu? Akaangalia, akanijibu kwa sauti ya paredi:

"Moto te!"

Hakuna mtu. Nikachomeka fizibo zote na kuinua swichi.

Ee, mataa yale! Mesi iliwaka kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto. Watu walipiga vigelegele, nami nikazunguka kona ya depo nikikimbia, mikono juu, kama mchezaji aliyefunga goli.

Mwenzangu alikuwa ameshafungua mkanda wa kupandia ili ashuke, akaushika waya mara ya mwisho kuhakikisha umekaza. Umeme ulimtupa juu ya bashi la wageni lililotandwa kati ya mesi na geti, turubai hilo likamteremsha kama mtoto kwenye utelezi, likamtema katikati ya fanfari, juu ya ngoma kubwa. Ngoma ilipasuka. Wageni walidhani ni sehemu ya mapokezi, wakasimama na kupiga makofi. Mama mmoja mwenye kilemba aliomba arudie.

Magari yote yalikuwa yamepangwa kwa gwaride, na lori la bia limeziba geti. Kwa hiyo tulimpeleka hospitali kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli kwenye kiti cha abiria, mkono wa kulia umefungwa taulo lenye maji, mimi nakimbia kando na shati langu la misa. Alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Askari naye alikimbia nyuma yetu akikaribia kulia.

"Papa, nani alikuambia useme hakuna mutu?" nikamfokea yule askari.

"Mutu? Uliniuliza kama moto iko! Nikaangalia mataa: giza. Donc nikasema moto te!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao Maniema wanasema Kiswahili, na moto ni moto, huu unaowaka, na fundi wa umeme ataulizia nini kingine? Kilingala alichokuwa na hakika nacho kilikuwa "te" peke yake, yaani hakuna. Mwendesha baiskeli alicheka hadi akakaribia kumwangusha mgonjwa. Tulicheka sote katikati ya barabara, na mgonjwa kuliko wote.

Mlangoni mwa hospitali mwenzangu alijifuta machozi kwa mkono mzima. "Na macho yako?" akaniuliza polepole.

"Lakini yeye alisema moto te," nikajibu.

Hakuuliza tena. Jenerali hakuja jioni ile. Alituma salamu.

Nilisimulia kisa hicho miaka na miaka, kwenye matanga, kwenye bia, kwenye foleni. Nilimwigiza askari, nilipiga trompeti kwa mdomo, nilianguka juu ya ngoma. Watu walishika mbavu. Mara za kwanza mwenzangu alikuwepo, naye alicheka. Nadhani alikuwa ananingoja nifike kwenye sehemu ya macho. Sikufika kamwe, kila mara niliiruka. Siku moja aliweka bilauri yake chini ikiwa bado nusu, akasema, "Unasimulia muzuri, ndeko," akaenda zake.

Mkono wake haukuweza tena kufunga koleo. Aliacha kazi, akahamia Ubundu kwa dada yake anayeuza samaki. Nilimfuata huko mara moja tu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na samaki mkubwa wa mto, akauliza habari za wajukuu wangu wote. Tangu nilipofika hadi nilipoondoka aliniita "monsieur", si "ndeko" tena.

Yeye yuko hai, nami niko hai. Kwa kutaka kuwasha mataa mbele ya jenerali nilimharibia mkono wake wa kulia, na nikampoteza rafiki pekee niliyekuwa naye.