Kadi Kwenye Ukuta wa Kanisa

Jumapili tatu mfululizo ngoma ya kanisa la mabati pale Kiuu haikulia. Watu walipiga makofi badala yake, wimbo ukalegea. Hakuna aliyemtaja Wangeci, aliyeipiga miaka tisa, ila kila mmoja aliuona ule msumari ukutani, umeshika kipande cha kadi iliyochanika.

Kadi ilikuwa yake. Mwaka wa 1996, miezi michache baada ya kupasuliwa mawe ya nyongo, macho yake yaligeuka manjano na ngozi ikamwasha hadi akajikuna kwa gunzi la mahindi. Daktari wa Nairobi alimwambia si kansa. Kovu la upasuaji lilikuwa limebana njia ya nyongo. Akampitishia mdomoni mpira wenye taa, akaacha ndani mrija mdogo wa plastiki wa kuipanua. Umanjano ukaisha. Kwenye kadi daktari akaandika: arudi baada ya miezi mitatu mrija ubadilishwe, la sivyo utaziba.

Lakini pale kanisani, aliyepona alitundika kadi yake ya hospitali ukutani, iwe ushuhuda. Kuishusha ilikuwa kumkana Mungu. Wangeci aliitundika huku akilia kwa furaha, kisha akapiga ngoma mpaka viganja vikavimba. Miezi mitatu ikapita, yeye anapiga ngoma. Minne. Mitano.

Mwezi wa sita homa ilimtetemesha hadi kitanda kikagonga ukuta, macho yakarudi manjano. Mumewe Simeon, mchonga mawe kule machimboni, alimsihi angoje maombi ya Ijumaa, asiwaaibishe. Wangeci alitoka akishikilia ua wa nyumba moja baada ya nyingine mpaka kanisani, akamkuta Pasta Erastus akipangusa viti.

"Nimekuja kuchukua kadi yangu."

"Dada Wangeci, ulishamshukuru Mungu mbele ya watu. Sasa unamnyang'anya?"

"Nilimshukuru. Sikumwomba anitunzie kadi."

Pasta akacheka kidogo, akaanza kueleza habari za imani haba.

"Nitazame macho, Pasta. Ni ya rangi gani?"

Pasta akatazama kitambaa alichoshika. Wangeci akapanda benchi na kuivuta kadi kwa nguvu. Kona ikabaki kwenye msumari.

Hospitalini, mrija ulitoka umeziba, mweusi kama mashapo ya kahawa. Daktari alimgombeza. Hasira aliyokuwa nayo kwa Pasta na kwa Simeon haikufikia aliyokuwa nayo kwa viganja vyake mwenyewe, vilivyopiga ngoma miezi yote ile huku tarehe ya kurudi imetundikwa hatua nne mbele yake.

Alibadilishiwa mrija mara nne. Wa mwisho ulitolewa Machi 1998, njia ikiwa imebaki wazi, na hakuwekewa mwingine. Sasa anaishi Makongeni, Thika, anauza viazi sokoni.