Aliyeuliza Habari za Mota

Mauwa alizaliwa Bukavu, akakulia Brussels, na kazi yake ilikuwa kupambana na joto. Katika karakana moja kwenye mtaa wa Forest alipima mota kubwa za umeme, zile zinazoendesha winchi ya kuivuta helikopta kutoka sitahani hadi ndani ya meli ya kivita. Mota ya namna hiyo hufanya kazi kwa muda mfupi, lakini kwa nguvu za kutisha, na nyaya zake za shaba zikizidi moto huungua. Kuipuliza kwa hewa ya baharini hakufai, maana chumvi huitafuna. Basi hufungwa kabisa, maji yakazungushwa ndani ya ganda lake ili yabebe joto na kulitoa nje.

Siku moja Mathilde, msimamizi wa usalama kazini, aliwakalisha wafanyakazi akawaonya: wako watu wanaotafuta siri za kijeshi, nao hawaji na bunduki, huja na urafiki. Maneno hayo yalimkaa Mauwa kama mwiba.

Jumapili iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya kanisani, mwimbaji mwenzake Guylain alimsogelea. Huyu alikuwa mtu wa Kolwezi, mpole, mwenye sauti nzito, aliyehudumia wazee katika nyumba moja kule Uccle. Hadi siku hiyo hakuwahi kumuuliza Mauwa habari za kazi.

"Maman Mauwa," alisema, "ile moteur yenu, munaipolesha na upepo ao na mayi?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Bon, ni kutaka tu kujua."

Juma la pili akauliza tena: kama ni maji, yanapita wapi? Mauwa akaona simu mkononi mwake, inarekodi. Guylain alipogundua ameonekana, akaitumbukiza mfukoni.

Tangu hapo kila alichofanya kilimtia Mauwa shaka. Akicheka, alijiuliza anacheka nini. Akimsindikiza hadi kituo cha tramu, aliona anaichunguza njia yake ya kwenda nyumbani. Hata wimbo ulimshinda, maana masikio yake yote yalikuwa kwa mtu mmoja. Mwishowe akamweleza Mathilde.

Watu wawili wa usalama walimfuata Guylain kazini, wakamtoa chumbani kwa mzee aliyekuwa akimlisha, wakamhoji mbele ya wakubwa wake. Kisha Mathilde akamwita Mauwa.

"Hakuna kitu," alimwambia. "Yote aliyorekodi aliyatuma kwa mdogo wake, fundi wa pampu mgodini kule Kolwezi."

Mauwa alimtafuta Guylain, akamkuta kituo cha Porte de Namur akingoja basi. Guylain hakumkimbia, wala hakumpa mkono.

"Ungeniuliza, maman," Guylain alisema.

"Nilikuuliza. Ulinificha."

Guylain akasema: "Moteur ya pompe iliungua mu mikono ya mudogo wangu Bienfait. Patron anasema aliiharibu kwa makusudi. Sikutaka jina yake itembee mu kanisa."

Mauwa alikosa pa kutazama. Akauliza mota ile ilipozwa kwa kitu gani. Kwa feni. Na vumbi? Vumbi lilikuwa tele. Basi akamweleza kwamba feni ikivuta vumbi, matundu ya hewa huziba na mota hujipika yenyewe, na kwamba hiyo si siri ya jeshi, kila mwanafunzi wa umeme hufundishwa. Waifungue, watazame matundu. Guylain alitoa simu, akamwangalia kwanza usoni.

"Rekodi," Mauwa akasema.

Kule mgodini waliifungua, wakakuta udongo mwekundu umeziba kila tundu. Bienfait akarudishwa kazini. Habari hiyo Mauwa aliipata kwa Antoinette, kiongozi wa kwaya. Guylain mwenyewe alikuwa amehamia kanisa lingine, upande wa Saint-Gilles. Wakikutana sokoni humwamkia kwa heshima, humuulizia mama yake. Ya kazi hagusi, na Mauwa hana uso wa kumwambia arudi kwenye kwaya.