Matangazo ya Vifo Masikioni mwa Mama

Kutoka Kisumu ninakoishi, nilimpelekea mama kule Port Victoria, kando ya ziwa, kidude kipya cha kiganjani, cha nyimbo, video na hata intaneti. Nikamwonyesha kwaya, nikamwonyesha mahubiri. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Matangazo ya vifo yako wapi?"

Nikaguna. Dunia nzima imo mle ndani, na mtu anataka redio! Redio ilikuwepo, lakini ilishika tu ukichomeka waya za masikioni, na ukizichomeka, spika inanyamaza. Basi jioni nikamvalisha zile waya, nikakaa nikijisifu.

Ghafla mama akashika kichwa, akapiga nduru.

"Ni nani?" nikamuuliza. Akaninyamazisha kwa kidole, maana tangazo lilikuwa bado linaendelea. Dada zangu wakatoka jikoni mbio: "Ni nani?" Majirani wakajaa mlangoni, wengine tayari wanalia, na wote wananiuliza mimi mwenye kidude: "Bwana, ni nani amekufa?" Ningejuaje? Tangazo lote lilikuwa masikioni mwa mama! Nilitamani kukitupa ziwani kile kitu.

Hatimaye akazitoa zile waya, akatuambia ni shemeji yake wa Awasi. Ndipo wote wakalia sawasawa, wakijua wanamlilia nani.

Walipotulia, mama akanirudishia kidude changu mkononi.

"Rudi nacho Kisumu," akasema. "Huko ndiko mtu husikia msiba peke yake."