Mafuta Yaliyosomewa

Asubuhi niliyofunga mlango wa nyumba ile ya mtaa wa Bordesley Green sikujua ninaelekea wapi. Nilikuwa na begi moja mgongoni, mwavuli uliovunjika ubavu, na katika mfuko wa koti chupa ndogo ya mafuta ya zeituni niliyoivisha soksi isije ikapasuka. Ufunguo niliudumbukiza ndani kupitia tundu la barua, kama nilivyoagizwa, nikausikia ukigonga sakafu.

Kuondoka mimi nimezoea. Niliacha shule darasa la tano huko Tanga kwa sababu mwalimu alikuwa akirudia jambo lile lile na barabara ilikuwa inapita dirishani. Tangu hapo nimelala Mombasa, Maskati, Cardiff, na miji mingine ambayo sikukaa hata kujua soko lake liko wapi. Kila nilipoondoka nilikuwa mwepesi. Asubuhi hiyo miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Mwenye nyumba tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mjane wa Unguja mwenye ulimi wa wembe, aliyenipa chumba cha nyuma kwa majuma mawili nami nikakaa mwaka na nusu. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Miguu yako ina upupu wewe mwanamke," akasema. "Siku ukitaka kwenda, niage tu. Usiniache na sufuria motoni."

Ikawa yeye ndiye wa kwanza kwenda. Kiharusi kilimpiga akiwa anakunja nguo, kikauchukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Hospitali walimrudisha nyumbani na karatasi ya mazoezi yenye picha za mkono ukishika mpira. Karatasi aliiweka chini ya birika. Alichotaka yeye ni kisomo.

Kwetu mtu akipooza huchuliwa kwa mafuta ya zeituni yaliyosomewa. Wanawake hukusanyika, mafuta hufunguliwa kifuniko na kuwekwa katikati ya mkeka, na kila amalizaye kusoma aya zake huinama akayapulizia. Ya nazi hayaingii hapo, wala ya alizeti. Zeituni ni mti uliotajwa katika Kitabu.

"Niletee mengi," aliniambia, maneno yakitokea upande mmoja. "Kila mwanamke ataondoka na kichupa chake. Na usije na vile vya duka la dawa vya kutia masikioni, watu watanicheka mpaka kaburini."

Nikaenda barabara ya Alum Rock. Katika duka la vyakula niliona bati la lita tano lenye picha ya tawi la mzeituni na mistari ya dhahabu. Nikalipakata kama mtoto mpaka nyumbani. Mimi ninayesoma hata gazeti lililofungiwa samaki, siku hiyo sikusoma kitu zaidi ya lile tawi.

Wanawake walikuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi. Mmoja akalipigapiga lile bati kiganja. "Zuri hili, kama la kupelekea posa."

"Soma kwanza," Bi Mkubwa akamjibu. "Posa mwenyewe huna."

Walicheka, kisha wakasoma mpaka chumba kikawa na joto la pumzi. Nilimwona Bi Mkubwa akililia lile bati kimya kimya. Alikuwa ameshaamua kuwa mkono wake umo mle ndani.

Kila asubuhi nilipasha mafuta kidogo katika bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, nikamchua kutoka bega hadi kucha.

"Kidole cha mwisho kimecheza. Umekiona?"

"Nimekiona, Bi Mkubwa."

Sikuwa nimekiona. Lakini alikuwa akila, alikuwa akitukana, alikuwa akitaka kuvishwa nguo nzuri. Mtu anayesubiri mkono wake urudi hawezi kukaa ovyo.

Wiki ya tatu, nikisubiri maji yachemke, niligeuza bati nikasoma maandishi madogo ya mgongoni. Yalisema mafuta haya ni ya makapi ya zeituni. Sikuelewa makapi yanaingiaje. Nikachukua kifuniko cha kumwonyesha mwenye duka, nikarudi kuuliza.

Mwenye duka ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mzee wa miaka sabini hivi, ambaye Kiswahili alikipakia kwenye sanduku alipohama na hajakibadilisha tangu wakati huo.

"Dada, wewe unakamua chungwa, sivyo? Juisi unakunywa. Sasa ile maganda na mbegu imebaki, mtu mwingine anakuja anaweka dawa ya kiwanda, anapika, anatoa mafuta kidogo ilibaki. Anasafisha, anachanganya na nzuri kidogo ipate harufu. Hiyo ndiyo iko kwa bati yako. Si mbaya! Mimi nakaangia bajia miaka yote."

"Nimemchulia mgonjwa."

"Basi mgonjwa yako ataiva vizuri." Akacheka, halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Akatoka nyuma ya kaunta na kunipeleka kwenye rafu.

Alinieleza kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa ni ya mkamuo wa kwanza, yaliyotoka kwenye tunda kwa mashine peke yake, bila moto, bila dawa. Haya hupimwa uchachu wake na pia huonjwa na watu maalumu, kwenye vikombe vya buluu ili rangi isiwadanganye. Wakikuta kasoro ndogo tu, yanashuka ngazi ya pili. Chini yake ni yale yaliyosafishwa mpaka yakapoteza ladha, kisha yakaongezewa mazuri kidogo, na chupa yake huandikwa mafuta ya zeituni basi, bila sifa nyingine. Hayo ni ya kukaangia. Chini kabisa ndiyo makapi.

"Na kuna ingine hatuweki dukani," akasema. "Inatoka mbaya sana, inanuka. Zamani hiyo ni ya taa. Sasa wanapeleka kiwandani kwanza, wanasafisha."

Akamimina ya juu kwenye kifuniko cha chupa, akaniamuru ninywe. Yalikuja na ladha ya majani mabichi, kisha uchungu, kisha pilipili iliyonikamata koo. Nikakohoa mpaka mwanamke aliyekuwa akichagua vitunguu akageuka.

"Umekohoa, eh? Hiyo ndiyo yenyewe," mzee akasema kwa furaha. "Kama haikwaruzi, ni chupa tu mrembo."

Kutoka hapo sikutulia. Mchana, nikitoka kufagia ghala nililokuwa nikifanyia kazi, nilikaa maktaba na kusoma yale ambayo hakuna aliyenituma. Nilisoma kwamba Warumi nao walikuwa na madaraja yao. Ya zeituni mbichi zilizochumwa kwa mkono yalikuwa ya wakubwa. Ya zeituni zilizoanguka zenyewe yalifuata. Na ya zilizooza walipewa watumwa. Nilisoma kwamba wanamichezo wa Kiyunani walijipaka mafuta kabla ya kushindana, kisha wakajikwangua kwa chuma kilichopinda, na yale makwanguo, mafuta na jasho na vumbi pamoja, yaliuzwa kuwa dawa ya viungo. Habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi. Nikajiambia, ikiwa uchafu wa mtu uliwahi kuwa dawa, makapi yana kosa gani?

Lakini makwanguo ya Wayunani hakuna aliyeyalilia; makapi yetu yalililiwa. Yalikuwa yamekaa katikati ya mkeka wetu. Nilitafuta njia ya kutoka nikakosa. Mafuta mazuri hayakuwa yamesomewa, na yaliyosomewa hayakuwa mazuri. Kumwambia Bi Mkubwa kulikuwa sawa na kumnyang'anya mkono kwa mara ya pili. Kuwaita wanawake upya kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa mimi.

Tuna desturi moja. Maji yaliyosomewa yakikaribia kwisha unaongezea mengine, baraka ikaenea. Nikanunua chupa moja nyeusi ya mkamuo wa kwanza. Bakulini nikatia kijiko kimoja cha mafuta ya bati na vijiko vitatu vya yale ya chupa, nikaja na uso wa kawaida.

Bi Mkubwa alinusa kabla sijamgusa. "Leo yananuka majani."

"Nimelitikisa bati."

"Sema kweli."

"Nimelitikisa, Bi Mkubwa."

Akanitazama kwa lile jicho lililobaki na nguvu. "Haya," akasema, akanipa mkono.

Siku nne baadaye kiharusi cha pili kikaja, asubuhi, mimi nikiwa chini napasha mafuta. Nilisikia kitu kizito, nikapanda ngazi na bakuli mkononi, kama kwamba bakuli lingesaidia. Najua mafuta ya kupaka hayapasui mshipa wa kichwani. Nimeuliza, nimesoma. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mimi niliyabadilisha siku nne kabla.

Walimlaza hospitali ya karibu, kisha wakamhamishia nyingine upande wa Edgbaston. Binti yake akaja kutoka Leicester. Amekulia hapa, nilimsemesha kwa Kiswahili akaelewa yote, akanijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwa huruma. Nyumba itafungwa. Je, nina pa kwenda? Nikasema ninapo. Bati akalitupa pamoja na vitu vya jikoni, sikuwahi kumzuia. Kilichobaki ni yale niliyokuwa nimeyachanganya bakulini, nikayamimina katika chupa ndogo, robo yake, ndani ya soksi.

Basi asubuhi hiyo nilitembea mpaka mjini, nikasimama kwenye stendi ya mabasi ya mbali mbele ya ubao wa safari. Bristol. Manchester. Glasgow, ambako sijawahi kufika. Siku nyingine jina geni tu lingetosha. Nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea, nikatoka. Nilifuata reli za tramu kwa sababu zilikuwa zinapanda, na mimi nilipokuwa sijui la kufanya nilipenda kupanda. Nyumba zikaanza kuachana, miti ikawa mikubwa, nikajua nimefika Edgbaston na kwamba saa za kuwaona wagonjwa zinaanza saa nane.

Juu ya kitanda cha Bi Mkubwa palikuwa na kibao cha kukataza kumpa chochote kwa mdomo. Hata tone la maji. Yale mafuta ya kukohoza nisingeweza kumwonjesha, hata angeyataka. Na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja, haya. Muuguzi alipomgeuza alisema haya. Alipoumia alisema haya. Nilipomsalimu alisema haya.

Niliomba ruhusa ya kumchua mkono, nikapewa. Nikayapasha mafuta kwa viganja vyangu. Nikamwambia yote, kuanzia lile tawi lenye dhahabu mpaka vijiko vitatu. Nikamwambia nilisema uongo, bati sikulitikisa.

"Haya," akasema.

"Umenisamehe, Bi Mkubwa?"

"Haya."

"Au umekasirika?"

"Haya."

Nikatazama kidole cha mwisho. Nilikitazama kwa muda mrefu sana.

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alisimama na fimbo yake. Alikuwa Mkongo, alisikia lugha. Akaliangalia begi langu chini ya kiti.

"Mama, ni mugonjwa wako?"

"Ni mwenye nyumba wangu."

"Na nyumba?"

"Imefungwa."

Saa kumi alipomaliza zamu alinisubiri mlangoni, akanipeleka dakika kumi kwa miguu hadi jumba la zamani la matofali lililokatwa vyumba vyumba. Yeye ndiye msimamizi wake. Cha juu kabisa kilikuwa wazi.

"Iko baridi kidogo," akasema, ingawa ilikuwa baridi sana. "Utaikala siku ngapi?"

Kila mji nimeulizwa swali hilo, na kila mji nilikuwa na jibu, hata kama la uongo.

"Sijui. Mpaka nitakapojua hali yake."

"Na wao wamekuambia nini?"

"Hawajui."

Akatikisa kichwa, akaniachia ufunguo.

Nikaivua ile chupa soksi yake. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda kwa baridi, meupe meupe, ya mkamuo wa kwanza na ya makapi kitu kimoja, na sikuweza kuona yaliyosomewa yanaishia wapi. Nikaitia kwapani, nikakaa kitandani na koti langu, niyayeyushe kabla ya saa nane ya kesho.